Jahazi Kuukuu au Jipya? Ufafanuzi wa Ukarabati na Uundaji wa Vyombo Katika Pwani ya Lamu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao wakanena kuwa ya kale ni dhahabu. Methali hizi mbili hukinzana, na darasani mkinzano huo huweza kujadiliwa kwa saa moja kisha ukasahaulika. Ufukoni mambo si hivyo. Mwenye chombo anaposimama kando ya jahazi lililopwelewa, huku maji yakichuruzika kutoka katika viungo vya mbao zake, hana budi kuchagua mojawapo ya methali hizo na kuilipia. Je, alikarabati jahazi hilo kuukuu, au aliache lioze na kutafuta jipya?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kurejelea uundaji wa vyombo katika visiwa vya Lamu. Kwanza, yatafafanua viungo vya jahazi na maadui wake. Pili, yatalinganisha ukarabati wa chombo kikongwe na upatikanaji wa chombo kipya. Tatu, yatadokeza jinsi uamuzi huo unavyoigusa lugha ya Kiswahili yenyewe, kwa kuwa msamiati wa bahari hauishi kamusini pekee bali pia mikononi mwa mafundi.

Lamu imeteuliwa kwa sababu zilizo bayana. Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni mji ambao usafiri wake kwa karne nyingi umetegemea punda na vyombo vya baharini. Aidha, kijiji cha Matondoni kilicho upande wa magharibi wa kisiwa hicho kinasifika hadi leo kwa mafundi wanaounda na kukarabati majahazi na mashua.

Jahazi na Viungo Vyake

Haiwezekani kuamua iwapo chombo kinafaa kukarabatiwa bila kujua kimeundwaje. Msingi wa jahazi ni mkuku, yaani ule mti mrefu ulalao chini kabisa toka mbele hadi nyuma. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo. Sehemu ya mbele huitwa omo na ya nyuma huitwa tezi. Huko omo husimama hanamu, mti unaoyakata maji. Huko tezi hukaa fashini, kipande kinene cha mti kinachoushikilia usukani. Kutoka kwenye mkuku hupandishwa mbao za ubavuni, nazo hushikwa kwa ndani na mataruma, ambayo ni mithili ya mbavu za binadamu.

Fundi wa jadi hachori ramani. Vipimo vyake vimo katika jicho, katika kamba na katika kumbukumbu. Taruma nalo aghalabu halipindwi kwa nguvu. Fundi hutafuta mti uliopinda wenyewe, hususan mlilana au mkomafi katika misitu ya mikoko, akaukata pale ambapo maumbile yamekwisha kumfanyia kazi. Mbao za ubavuni hutokana na miti kama vile mbambakofi na mvule, na kwa vyombo vya gharama ya chini, mwembe. Kabla ya msumari kupigwa, tundu hutobolewa kwa keke ili ubao usipasuke. Baada ya hapo nafasi zilizo kati ya mbao hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi na nyundo. Sehemu izamayo majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ilhali sehemu ya juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa.

Juu ya kiwiliwili hiki husimama mlingoti, na kwenye mlingoti hupandishwa foromali yenye tanga. Ni muhimu msomaji atofautishe mapema makundi mawili ya viungo. Tanga, foromali, kamba, kana na hata mlingoti ni viungo vinavyoweza kubadilishwa pasipo kuugusa uhai wa chombo. Mkuku, hanamu, fashini na mataruma ni viungo vya uhai. Hoja nyingi zitakazofuata zinategemea tofauti hii.

Maadui wa Chombo

Adui wa kwanza hukaa majini. Huyu ni yule mdudu wa baharini atoboaye mbao. Japo watu humwita mdudu, kwa hakika ni wa jamii ya chaza. Huingia angali mdogo kupitia tundu lisiloonekana kwa urahisi, kisha hukua akiula ubao kwa ndani. Kwa nje ubao huonekana mzima. Kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa ya jadi ni kukipandisha chombo pwani mara kwa mara, kukichoma ubavu kwa moto wa makuti ili mdudu na majani ya baharini yateketee, kisha kukipaka deheni upya.

Adui wa pili ni kutu. Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, hulegea, na kuuharibu mti ulio kandokando yake. Ubao unaweza kuwa na nguvu bado, lakini ukawa hauna cha kuushika.

Adui wa tatu ni maji ya mvua. Wasioijua bahari hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yaozeshayo chombo. Kinyume chake ndicho kweli. Chumvi husaidia kuuhifadhi mti. Maji matamu yanayotuama chini ya sakafu na katika pembe za mataruma ndiyo yanayouozesha. Fauka ya hayo, jua kali hukausha mbao na kuzitenganisha. Kwa hiyo chombo kilicholazwa miaka miwili bila kazi huweza kuwa kibovu kuliko kilichosafiri miaka kumi mfululizo. Anayeuziwa jahazi kwa sifa kwamba "halikutumika sana" hana budi kutahadhari.

Uchunguzi Kabla ya Uamuzi

Chombo hakichunguzwi kikiwa majini. Husubiriwa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, kikasogezwa hadi juu ya ufuo; maji yakipwa hubaki pakavu, kimeegemezwa kwa miti pande zote mbili. Hapo fundi hukizunguka akigonga kila ubao kwa nyundo. Ubao mzima hutoa sauti kali. Ubao ulioliwa hutoa sauti nzito ya kufifia. Panapotiliwa shaka hudungwa ncha ya kisu. Ikizama bila upinzani, jibu limepatikana.

Baada ya mbao fundi huutazama mgongo. Chombo kikizeeka, omo na tezi huelekea kushuka huku katikati pakibaki juu, kwa kuwa ncha hizo mbili hazibebwi na maji kama sehemu ya kati. Kwa jicho la mzoefu, mstari wa mkuku uliopinda ni dalili mbaya kupita matundu kumi ya ubavuni. Mwisho huchunguzwa ngama, pale maji yanapokusanyika chini ya chombo. Swali linaloulizwa kwa mabaharia ni jepesi: usiku mmoja upo hushikwa mara ngapi kufua maji? Kila jahazi la mbao huingiza maji kidogo. Jahazi ambalo mabaharia wake hawalali kwa kufua maji limekwisha kutoa ushahidi wake.

Hoja za Kukarabati

Iwapo mkuku na mataruma mengi ni mazima, ukarabati una faida nne kuu.

Mosi, gharama yake hugawika. Mbao tano zaweza kubadilishwa mwaka huu na nyingine tano mwaka ujao, hususan katika miezi ambayo kusi huwa kali na vyombo vingi hulazwa. Uundaji wa jahazi jipya hudai fedha nyingi kwa pamoja, tena kabla chombo hakijaingiza hata shilingi moja.

Pili, miti ya zamani ina thamani yake. Mkuku uliochongwa miongo kadhaa iliyopita kutokana na gogo moja refu la mbambakofi ni vigumu kuupatia mwenziwe leo. Kuutupa kwa sababu ya mbao chache za ubavuni ni sawa na kuvunja nyumba kwa sababu paa linavuja.

Tatu, ukarabati huchukua muda mfupi, na siku za chombo kukaa pwani ni siku za njaa. Kwa desturi mapato ya chombo hugawanywa mafungu: fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia na fungu la chombo chenyewe. Chombo kisiposafiri, hakuna fungu la yeyote.

Nne, jahazi kongwe linajulikana tabia zake. Nahodha anajua linavyojibu usukani, shehena linayoistahimili na upepo usiolifaa. Jahazi jipya, hata likiwa zuri namna gani, huanza likiwa mgeni.

Hilo fungu la chombo linastahili kutazamwa kwa makini. Lilikusudiwa kununulia misumari, pamba, sifa na mbao. Mwenye chombo anayelila msimu baada ya msimu huona faida kubwa kwa miaka michache, kisha siku moja hujikuta na mzoga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyombo vingi vinavyosemekana kufa kwa uzee vimekufa kwa sababu fungu lao liliingia mfukoni.

Pale Ukarabati Unaposhindwa

Licha ya faida hizo, ukarabati una mitego yake. Mtego mkubwa ni kwamba gharama yake haionekani yote mwanzoni. Ubao mmoja ukibanduliwa, taruma lililo nyuma yake huonekana limeoza. Taruma likiondolewa, misumari ya ubao wa pili hulegea. Mtu aliyetenga fedha za mbao tano huambiwa kumi na mbili, na kwa kuwa amekwisha kuanza, huona haya kuacha.

Kosa la pili ni la hesabu. Wengi hulinganisha bei ya kununua chombo kuukuu na bei ya kuunda kipya, wakaona tofauti kubwa, wakafurahi. Ulinganisho wa haki hujumlisha bei ya ununuzi, gharama ya matengenezo na siku zitakazopotea, kisha hugawanya jumla hiyo kwa miaka ya kazi inayotarajiwa. Mathalan, ikiwa chombo kuukuu kilichotengenezwa kimegharimu nusu ya bei ya kipya, lakini kitadumu robo tu ya miaka ya kipya, basi kwa kila mwaka wa kazi mwenyewe amelipa maradufu. Rahisi imekuwa ghali.

Hata hivyo, hesabu hiyo si amri. Anayeimudu ni yule mwenye akiba. Mvuvi asiye na akiba, mwenye watoto wanaosubiri karo, huweza kununua kuukuu huku akijua fika kuwa mwisho atalipa zaidi. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kumlaumu kwa kutojua hesabu ni kutoyajua maisha yake.

Mtego wa tatu ni wa uhai wa watu. Mkuku ukipinda au mataruma yakioza kwa wingi, rangi mpya na kalafati mpya ni ubani kwa maiti, na la kuvunda halina ubani. Chombo cha namna hiyo huweza kuelea salama bandarini kisha kikaachana katika mawimbi ya kusi. Ndiyo maana Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 kuhusu vyombo vya baharini inahitaji vyombo kusajiliwa na kukaguliwa.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kuwa upya peke yake ni kinga. Meli ya Spice Islander, iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, ilikuwa imeundwa mwaka 1967. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria Septemba 2018, kilikuwa kimeanza kazi mwaka 2004 tu. Kimoja kilikuwa kikongwe na kingine hakikuwa, lakini vyote viwili vilikuwa vimejazwa abiria kupita kiasi. Umri wa chombo ni hoja moja. Busara ya anayekitumia ni hoja nyingine.

Chombo Kipya: Mbao, Faiba na Plastiki

Anayeamua kupata chombo kipya hukabiliwa na swali jingine: kipya cha nini? Chombo kipya cha mbao kinategemea msitu, na msitu una mipaka. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Hata hivyo, mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti za mikoko nje ya nchi, na Februari 2018 ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Hatua hizo zilikuwa na sababu nzito za kuhifadhi mazingira, kwani mikoko ni mazalio ya samaki na ngao ya ufuo. Lakini kwa fundi, kila marufuku ilimaanisha taruma lililo adimu zaidi na bei iliyo juu zaidi. Kwa upande huu mkarabati ana hoja yenye nguvu: chombo kikitunzwa, miti mingi hubaki imesimama.

Chombo cha faiba hakiliwi na mdudu, hakihitaji kalafati, na kikifungwa mashine hufika haraka. Ndiyo sababu kimeenea pwani nzima. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea mafuta ya petroli kila siku, na kikipasuka vibaya huhitaji dawa na ujuzi visivyopatikana kila kijiji. Kikifa, hakiozi wala hakifai kuni.

Njia ya tatu ilizinduliwa Lamu kwenyewe. Mnamo Septemba 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi dogo la takriban mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyotumika, zikiwemo sandali zilizookotwa ufukoni. Mwaka 1919 jambo hilo lingekuwa ndoto. Mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. La kuzingatia ni kwamba mafundi hawakubuni sanaa mpya. Walichukua mkuku, mataruma na mbao kama walivyorithi, wakabadilisha kile kinachochongwa tu. Maarifa ya kale ndiyo yaliyozaa chombo kipya.

Funzo Kutoka Kerala

Suala hili si la Lamu pekee. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Kerala nchini India, kuna chombo kiitwacho kettuvallam. Zamani kilibeba mpunga na bidhaa nyingine katika maziwa na mifereji ya huko. Mbao zake hazipigwi misumari bali hushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama ulivyoshonwa mtepe wa Waswahili. Barabara zilipochukua shehena, vyombo hivyo vilikosa kazi. Kuanzia miaka ya 1990 vingi vilikarabatiwa, vikaezekwa kwa mianzi na mikeka, vikawa nyumba zieleazo za kulaza watalii. Biashara iliponoga, vikaundwa vipya kwa ajili ya wageni tu, na wingi wao ukaleta malalamiko ya uchafuzi wa maji.

Huko Lamu na Mombasa pia yako majahazi kuukuu yaliyogeuzwa kuwa ya matembezi, maakuli na malazi ya wageni. Funzo la Kerala ni la pande mbili. Chombo huweza kuokolewa kwa kupewa kazi nyingine; lakini kazi hiyo mpya ikizidi kipimo, huweza kuyadhuru maji yale yale yanayokibeba. Mtepe, kwa upande wake, haukupewa kazi nyingine. Ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na leo unaonekana kwa mfano tu katika makumbusho.

Chombo na Lugha

Mwandishi wa Kigiriki Plutarch alisimulia kuhusu merikebu ya Theseus iliyohifadhiwa Athens. Mbao zake zilizooza zilibadilishwa moja baada ya moja, hata wanafalsafa wakabishana iwapo ilikuwa bado merikebu ile ile. Fundi wa Matondoni angewapa jibu la kazi: alimradi mkuku ni ule ule, jahazi ni lile lile.

Jibu hilo lina maana kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Istilahi za chombo zilizotajwa katika makala haya zimetoka pande nyingi. Nahodha na bandari zina asili ya Kiajemi, usukani ni wa Kiarabu, na roda ni ya Kireno. Kushua na tanga ni za Kibantu. Kiswahili chenyewe ni jahazi lililokarabatiwa karne hadi karne: mbao zimetoka Uajemi, Uarabuni, India na Ureno, ila mkuku, yaani sarufi yake, umebaki wa Kibantu.

Hapa ndipo hasara ya kuyaacha majahazi inapodhihirika. Boti ya faiba haina taruma, haina kalafati, haina foromali. Kijana anayekua akiiendesha hana sababu ya kuyajua maneno hayo. Baada ya vizazi viwili, mwalimu atakayefundisha mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye bahari na vyombo vilikuwa sehemu ya taswira zake, atalazimika kueleza kwa picha yale ambayo mtoto wa pwani aliyashika kwa mikono.

Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa uamuzi kati ya jahazi kuukuu na jipya hautokani na mapenzi ya ukale wala tamaa ya upya. Hutokana na hali ya viungo vya uhai. Mkuku ukiwa mzima na fungu la chombo likitunzwa, ukarabati ni busara kwa mfuko, kwa msitu na kwa lugha. Mkuku ukifa, heshima iliyobaki ni kukivunja chombo, kuokoa mbao zilizo nzima na kuunda kingine, kwani hakuna turathi inayostahili kulipiwa kwa roho za mabaharia.

Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vina wajibu. Wako mafundi wazee ambao majina ya kila kiungo cha jahazi yamo vinywani mwao na hayajaandikwa kwa ukamilifu popote. Kuyakusanya hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji daftari, nauli ya kufika Lamu, na subira ya kuketi mchangani mpaka maji yapwe.